Nyumba ya Rehema ya Guadalajara na Amana ya Yatima

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyezaliwa baba yake amekwisha kufa, akafiwa na mama yake angali mtoto, kisha akawa yeye ndiye kimbilio la mayatima. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Masheikh, wazee, mabwana na mabibi, na vijana wa vyuoni.

Ni desturi, katika siku ya ukumbusho wa jumuiya, kuwataja waasisi, kuhesabu majengo yaliyojengwa, na kuwaombea dua waliotangulia mbele ya haki. Desturi hiyo ni njema, wala hapana haja ya kuiacha. Lakini ukumbusho nao una haki yake, na haki yake ni kwamba usemwe wote, uliotamu na uliochungu. Kwa sababu hiyo mada ya leo imetolewa mbali, katika mji wa Guadalajara ulio magharibi mwa nchi ya Meksiko. Hapo pana nyumba kongwe iliyojengwa kwa ajili ya mayatima na wasiojiweza, ambayo leo ni nyumba ya utamaduni, na watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuitazama michoro iliyomo katika kuta na kuba yake. Jina lake ni Hospicio Cabañas.

Huenda mtu akauliza: Waislamu wa nchi hizi wana shughuli gani na nyumba iliyojengwa na askofu wa Kikatoliki ng'ambo ya bahari mbili? Jibu ni kwamba hekima ni kama mnyama aliyempotea muumini. Popote amwonapo humfunga kamba akarudi naye nyumbani.

Tena mji wenyewe una jina ambalo masikio ya Muislamu hayalioni geni. Guadalajara ya Meksiko imepewa jina la Guadalajara ya Hispania, na hiyo ya Hispania ilikuwa mji wa Waislamu wa Andalusi, nao waliuita Wadi al-Hijara, yaani bonde la mawe. Waislamu waliutawala mpaka zama za mfalme Alfonso wa Sita, aliyeiteka Toledo mwaka 1085. Miaka mia nne na zaidi ikapita, na Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu, ikaanguka mwaka 1492. Mwaka huo huo Columbus akavuka bahari, na nyuma yake wakafuata watekaji nchi. Mmoja wao, Nuño de Guzmán, alikuwa mzaliwa wa Wadi al-Hijara hiyo, na mji mpya ukaitwa kwa jina la mji wa kwao. Ulihamishwa mara kadhaa mpaka ukatulia mahali ulipo leo mwaka 1542. Guzmán huyo ni mashuhuri katika tarehe ya Meksiko kwa ukatili wake juu ya wenyeji. Hivyo jina la Kiarabu lilivuka bahari mikononi mwa watu waliowaondoa Waarabu, likawekwa juu ya nchi iliyonyang'anywa wenyewe. Neno hilo na likumbukwe, maana litarejea mbele.

Sasa habari ya nyumba. Mwaka 1796 alifika katika mji huo askofu mpya kutoka Hispania, jina lake Juan Ruiz de Cabañas. Miaka kumi kabla ya kufika kwake, yaani 1785 na 1786, nchi hiyo ilikuwa imepatwa na njaa kuu, na njaa ikisha kuondoka huacha nyuma yake watoto wasio na wazee, na wazee wasio na watoto. Askofu huyo akakusudia kujenga nyumba moja itakayowakusanya wote: mayatima, wazee, vilema, na wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Ikaitwa Nyumba ya Rehema. Akamtaka Manuel Tolsá, fundi mkubwa wa majengo aliyekuwa katika mji mkuu, achore ramani yake. Na kazi ikaanza mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa.

Mgeni aingiaye humo leo jambo la kwanza analoliona ni kwamba nyumba ni kubwa mno, lakini si ndefu kwenda juu. Urefu wake ni kiasi cha mita 164 na upana mita 145, ilhali karibu yote ni ya chini, haina ghorofa, na kimo chake ni mita saba na nusu. Mtu mwenye fedha na mwenye kupenda fahari angejenga ghorofa mbili tatu apate kuonekana toka mbali. Huyu hakufanya hivyo, maana waliokusudiwa kukaa humo ni watoto wadogo, wazee wa mikongojo na watu wasioweza kutembea. Na ngazi kwa watu kama hao ni adha. Badala yake ziliwekwa nyua za ndani ishirini na tatu, zikazungukwa na baraza zenye matao, ili kila chumba kipate hewa na mwanga, na mtoto aweze kucheza kivulini, na mgonjwa aote jua pasipo kwenda mbali. Watu wa mwambao, wanaozijua nyumba za mawe zenye ua katikati, watafahamu mara moja raha ya jengo la namna hiyo.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Yapo majengo ya sadaka ambayo hujengwa kwa kumtazama mtoaji, na yapo yaliyojengwa kwa kumtazama mpewaji. Alama ya haya ya pili ni kwamba ukiyaangalia unamtambua mtu aliyekusudiwa, hata kama hayupo tena. Katika nyumba ya Guadalajara yatima hayupo leo, lakini ukitazama kimo cha dari na upana wa baraza, unajua kwamba alikuwapo na kwamba alifikiriwa.

Nyumba ilifunguliwa mwaka 1810. Mwaka huo huo vita vya kudai uhuru wa Meksiko vikaanza, na haukupita muda ila nyumba ya mayatima ikageuzwa kambi ya askari. Katika mji huo huo, mwezi wa Desemba mwaka 1810, kiongozi wa waliopigania uhuru, padri Miguel Hidalgo, alitoa amri ya kuwaacha huru watumwa. Askofu Cabañas alifariki mwaka 1824, na kazi za ujenzi zikaendelea baada yake. Baadaye nyumba ikarejea katika shughuli yake, ikatoka mikononi mwa kanisa ikawa chini ya serikali, na watoto wakaendelea kulelewa humo kizazi baada ya kizazi.

Katikati ya nyumba hiyo pana kanisa dogo lenye umbo la msalaba, nalo limenyanyuka juu ya mapaa mengine, na kuba lake linafika mita thelathini na mbili na nusu. Kuta zake zilikaa miaka mingi bila michoro hiyo. Ndipo akaja José Clemente Orozco.

Orozco alikuwa mwana wa jimbo hilo la Jalisco, amezaliwa mwaka 1883. Alipokuwa kijana alishika baruti, ikamlipukia, akapoteza mkono wake wa kushoto, na macho yake nayo yakadhurika. Mtu mwingine angeridhika kukaa barazani akasimulia msiba wake. Yeye alishika brashi kwa mkono uliobaki. Baada ya mapinduzi ya Meksiko, waziri wa elimu José Vasconcelos alianza kuwapa wachoraji kuta za majengo ya serikali tangu miaka ya mwanzo ya 1920, ili wananchi, ambao wengi wao hawakujua kusoma, waione tarehe yao mbele ya macho yao. Orozco alikuwa mmoja wa watatu waliotajika sana katika kazi hiyo, pamoja na Diego Rivera na David Alfaro Siqueiros. Mwaka 1938 na 1939 alifanya kazi katika kanisa la nyumba ya mayatima, na kazi ilipokwisha, michoro ilikuwa hamsini na saba.

Inafaa kueleza kidogo jinsi kazi ya namna hiyo ifanywavyo, maana ndani yake mna mafunzo. Ukuta hupigwa lipu ya chokaa na mchanga, na kila siku hupigwa kipande tu kinachoweza kuchorwa siku hiyo. Chokaa ingali mbichi, mchoraji huchanganya rangi kwa maji akaipaka. Chokaa inapokauka huinywa rangi hiyo, ikawa kitu kimoja nayo, hata haifutiki kwa kuosha. Lakini lipu ikiisha kukauka kabla mchoraji hajaimaliza, hapana dawa ila kuibandua na kuanza upya. Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Waalimu wa vyuo wanalijua jambo hili kuliko waashi. Lililotiwa katika moyo wa mtoto ungali mbichi hukaa naye mpaka kaburini, na siku iliyopita bila kutiwa kitu hairudi.

Kuhusu sura zenyewe, Muislamu aingiapo hapo hukumbuka kwamba mafakihi wamesema mengi juu ya kuchora viumbe wenye roho, na kwamba nyumba za ibada za Waislamu hazipambwi kwa sura. Hukumu hiyo ina mahali pake na haibadilishwi na safari ya mtu. Lakini kutazama kwa kuzingatia si kutukuza, na mwenye akili huweza kupata mawaidha hata katika jambo ambalo yeye mwenyewe hangelifanya.

Je, Orozco alichora nini juu ya kuta za nyumba ya rehema? Mtu angedhani amechora rehema peke yake: malaika, watoto wenye afya, askofu mkarimu akigawa mikate. Hakufanya hivyo. Alichora kutekwa kwa nchi. Yupo Hernán Cortés, mtekaji wa Meksiko, mwili wake umeundwa kwa vipande vya chuma kama mashine, na miguuni pake wamelala waliouawa. Wapo farasi, mnyama ambaye wenyeji wa zama hizo hawakupata kumwona kabla ya Wahispania. Mmoja ana vichwa viwili, na mwingine ni wa vyuma na minyororo kama chombo cha vita. Yupo mfalme Felipe wa Pili ameshika msalaba. Wapo watawa waliokuja na dini na elimu nyuma ya upanga. Hayo yote yamo katika kuta za kanisa, ndani ya nyumba iliyojengwa na askofu aliyetoka Hispania.

Wala mtu asidhani kwamba mchoraji aliwapendelea wenyeji. Humo humo amechora ibada za kale za nchi yao, pamoja na zile za kuchinja wanadamu kwa ajili ya miungu. Hakusema kwamba kabla ya kuja wageni nchi ilikuwa pepo. Kisha akafika katika zama zake mwenyewe, mwaka 1939 ambao vita vikuu vya pili vilianza, akachora madikteta, na umati wa watu waliopangwa safu safu pasipo nyuso. Aliyatazama madhalimu ya kila upande kwa jicho moja.

Na juu kabisa, ndani ya kuba, yupo mtu anayewaka moto. Mgeni asimamaye chini humwona kana kwamba anapaa, nyayo zake zimeelekea chini na kichwa chake kinapotelea katika miale. Kuba ni la juu mno hata shingo huuma kulitazama, kwa hiyo yamewekwa mabenchi, na wageni hulala chali, tajiri na maskini, profesa na mtoto wa shule, wakitazama juu. Wataalamu wameufasiri mchoro huo kwa njia nyingi. Jambo lililo wazi kwa kila mtu ni kwamba mwanadamu huyo hakupewa taji wala kiti cha enzi; amepewa moto, na kupaa kwake ndiko kuungua kwake.

Sasa jambo la ajabu ni hili. Michoro ilipokamilika, nyumba ilikuwa bado ni ya watoto, na iliendelea kuwa yao kwa miaka arubaini na zaidi. Kuta hazikupakwa chokaa mpya ili kuficha aibu ya waliotangulia. Wala hapana aliyesema: kwa kuwa watekaji walikuwa wadhalimu, basi sadaka ya askofu haina maana, nyumba na ivunjwe. Mema yalibaki mema na maovu yakabaki maovu, chini ya paa moja.

Hapo ndipo penye shauri kwa jumuiya za Waislamu wa nchi hizi za bara. Katika vitabu vingi vya ukumbusho huandikwa kwamba Uislamu uliingia bara pamoja na misafara iliyotoka pwani. Ni kweli. Katika misafara hiyo walikuwamo wacha Mungu waliofundisha alifu na be chini ya miembe, wakaoza na kuzika kwa sheria, wakaacha misikiti na wanafunzi ambao dua zao zinawafikia mpaka leo. Lakini katika misafara hiyo hiyo walikuwamo watu waliofunga wenzao minyororo, wakawatenga mama na watoto, wakawauza kama mbuzi; na baadhi yao walisali sala tano. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisiwani kwa sheria mpaka 1897. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa leo wanasimama safu moja msikitini, bega kwa bega. Hiyo ni neema ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuna familia ambazo hazijapata kusikia jambo hilo likitamkwa kwa heshima katika mkutano wa jumuiya, na kimya hicho ni deni.

Wapo waogopao kwamba kusema hivyo ni kuipa dini jina baya. Hofu hiyo haina msingi. Dini iliyofanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya madhambi na njia ya kupanda kilima kigumu haiaibishwi na ukweli. Aibu ni ya mwenye kuikhalifu. Qurani yenyewe imewaamuru waumini wasimame kwa uadilifu ingawa ni juu ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao. Ikiwa mchoraji wa mkono mmoja aliweza kusema kweli ukutani, hapana udhuru kwa wenye kitabu.

La pili ni habari ya amana. Mwaka 1980 watoto walitolewa katika nyumba kongwe ya Guadalajara, na nyumba ikawa makao ya taasisi ya utamaduni, yenye maonyesho, mafunzo ya sanaa na muziki. Mwaka 1997 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini watoto hawakutupwa njiani. Walipewa makao mengine katika mji huo huo, na malezi ya mayatima yakaendelea kwa jina la Cabañas. Jengo lilibadilishwa kazi, kusudio halikuachwa.

Waislamu nao wana mfano wao. Katika mji wa Damaski ipo hospitali ya kale iliyojengwa na Sultani Nuruddin Mahmud mwaka 1154, watu wakitibiwa humo kwa mali ya wakfu kwa mamia ya miaka. Mwaka 1978 ikafanywa makumbusho ya tiba na elimu za Waarabu. Jengo linapokongoka na zama zikabadilika, si dhambi kulipatia kazi mpya, kwa kufuata masharti ya wakfu na shauri la wanavyuoni.

Swali ni moja tu, nalo lafaa kuulizwa kabla ya kutiwa saini karatasi yoyote: yatima anakwenda wapi? Katika miji mingi ya nchi hizi zipo nyumba za wakfu na vyuo vya zamani ambavyo mabati yameingia kutu na thamani ya kiwanja imepanda. Kila mwaka huja mtu mwenye maneno mazuri, akasema pafanywe maduka, pafanywe ukumbi wa harusi, pafanywe jumba la kumbukumbu. Huenda shauri lake ni jema. Lakini aliyeweka wakfu aliutaja mlango wa kheri anaoutaka: wanafunzi, wajane, wasafiri, mayatima. Yeye amekufa, hawezi kusema tena. Na yatima yu hai, lakini ni mdogo, hajui kusema mbele ya kamati. Basi wenye kusema kwa niaba ya hao wawili ni wazee wa jumuiya, na siku ya Kiyama wataulizwa. Sura ya Maun ni fupi, na watoto wa chuo huihifadhi mapema, nayo imemweka msukuma yatima karibu na msali aliyeghafilika. Hapana mwenye kupamba ukumbi kwa picha za waasisi atakayeokoka kwa picha hizo, ikiwa mtoto aliyewekewa nyumba amelala njaa nyuma ya ukuta.

Mabwana na mabibi, askofu, fundi na mchoraji wa nyumba ile wote wamekwisha kufa. Orozco naye alifariki mwaka 1949. Ubavuni mwa michoro hiyo kuna nyua ishirini na tatu zilizo kimya, ambamo zamani watoto wasio na baba walicheza kivulini. Mwenye kuzitembelea na azipe nazo haki ya kutazamwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika jumuiya hii, awasamehe pale walipokosea, na awalipe pale walipofanya wema. Awape walio hai ujasiri wa kusema kweli na uaminifu wa kuhifadhi amana. Na awafanye mayatima wa mji huu wapate baba katika kila nyumba yenye kusimamisha sala. Amin, ya Rabbal-alamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.